Mwalimu Nyerere na Hotuba ya Tabora, Januari 1958

Mwanafunzi, kama unasoma Dodoma umepita Nyerere Square mara nyingi, pengine ukiwahi gari, ukaiona sanamu ya Mwalimu bila kusimama. Wanaosoma mikoa mingine wanamfahamu kwa picha iliyotundikwa ukutani kwenye ofisi za umma. Sote tunaijua sura yake. Lakini mtahiniwa akiulizwa hotuba ipi ya Mwalimu iliyobadili mwelekeo wa nchi hii, majibu huwa ya kubahatisha. Wapo wanaotaja siku ya Uhuru, wapo wanaotaja Azimio la Arusha, na wapo wanaorukia hotuba ya Martin Luther King aliyoitoa Washington tarehe 28 Agosti 1963 mbele ya watu wapatao 250,000.

Hotuba ya King inastahili sifa zake, na somo la historia ya dunia litakufundisha habari zake. Sura hii inahusu hotuba iliyoitangulia kwa miaka 5 na zaidi, ikatolewa huku kwetu, kwenye uwanda wa juu wa kati, katika mji wa Tabora. Aliyeitoa hakuwa na umati. Alikuwa na wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, wengi wao wakiwa wamekuja na msimamo wa kumpinga. Mwisho wa mjadala kura zilihesabiwa: 37 zilimkubali, 23 zilimkataa. Shika namba hizo mbili. Tutazirudia.

Maisha yake kabla ya Tabora

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mugaya. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1937 alifaulu kwenda Tabora, shule ya serikali ambayo Waingereza waliianzisha wakiwa na nia ya kuwasomesha hasa watoto wa watemi ili waje kuusaidia utawala. Alikaa pale hadi mwaka 1942, kisha akaenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu.

Alipomaliza Makerere mwaka 1945 hakwenda mbali. Alirudi Tabora, akafundisha shule ya misheni ya Mtakatifu Maria hadi mwaka 1949, na katika miaka hiyo alikuwa miongoni mwa viongozi wa tawi la chama cha TAA mjini hapo. Ukijumlisha miaka ya uanafunzi na ya ualimu, utaona kwamba Nyerere aliijua Tabora kuliko mji mwingine wowote wa bara nje ya kwao. Maembe yake, joto lake la Oktoba, Kiswahili chake kilichoota mizizi tangu zama za misafara: hayo yote hayakuwa mageni kwake. Ndiyo maana mkutano wa 1958 haukumkuta ugenini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kuanzia 1949 hadi 1952. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, akafundisha Pugu, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU. Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akadai kwamba Tanganyika itambuliwe kuwa nchi ya Kiafrika itakayojitawala. Aliporudi alitakiwa achague kazi ya ualimu au siasa. Akaacha kazi. Jina la Mwalimu likabaki.

Angalizo: watahiniwa wengi huchanganya hotuba ya New York ya 1955 na ya Tabora ya 1958. Ile ya New York ilielekezwa kwa wageni, na kila mwana TANU aliishangilia. Ile ya Tabora ilielekezwa kwa wenzake, nayo ilimchukiza karibu kila mtu kabla hajamaliza kuisema.

Kura tatu

Sasa tuingie kwenye tatizo lenyewe, maana bila kulielewa hutaelewa kwa nini watu waligombana.

Sensa ya mwaka 1957 ilionyesha kwamba Tanganyika ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8. Wazungu walikuwa karibu 20,000. Waasia na Waarabu kwa pamoja hawakufika 100,000. Pamoja na hayo, tangu 1955 Gavana Edward Twining alikuwa ameyagawa makundi hayo matatu sawasawa katika viti 30 vya wajumbe wasio wa serikali kwenye Baraza la Kutunga Sheria: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Serikali iliuita mpango huo usawa wa rangi. Chukua kalamu ufanye hesabu mwenyewe: Wazungu 2,000 walikuwa na kiti 1, na Waafrika zaidi ya 800,000 walikuwa na kiti 1. Usawa wa namna hiyo hata mtoto wa darasa la tatu angeukataa.

Ilipotangazwa kwamba uchaguzi wa kwanza ungefanyika mwaka 1958, sheria iliongeza masharti mengine. Nchi iligawanywa katika majimbo 10 ya uchaguzi, kila moja likiwa na viti 3, kimoja kwa kila kundi. Mpiga kura alilazimika kupiga kura 3: amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha hata moja, karatasi yake inaharibika. Huo ndio uchaguzi wa kura tatu.

Na nani aliruhusiwa kupiga hizo kura? Mtu wa miaka 21 na zaidi, ambaye ama ana kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, ama amesoma hadi darasa la 8, ama anashika cheo kinachotambuliwa na serikali. Fikiria mkulima wa mtama Mpwapwa au mfugaji wa Manyoni wakati ule. Huyo ndiye aliyenunua kadi ya TANU, akatembea maili nyingi kwenda mkutanoni, akahojiwa na karani wa mtemi kwa sababu ya kadi hiyo. Sheria ilimwambia akae nyumbani.

Kando ya hayo kulikuwa na chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kutiwa moyo na Gavana mwenyewe, ili kiwe mshindani wa TANU. UTP kilikuwa tayari kugombea. Matawi ya TANU yalikuwa yamefungwa katika wilaya kadhaa, na Nyerere mwenyewe alikuwa amewahi kuzuiwa kuhutubia mikutano ya hadhara mwaka 1957. Katikati ya mwaka huo aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, lakini Desemba akajiuzulu kwa kuwa serikali ilikuwa imekataa mapendekezo yake yote ya maana.

Kumbuka mpangilio huo wa matukio, kwa sababu ndio uliomfanya aonekane mgeugeu. Mwezi Desemba 1957 anatoka kwenye Baraza akisema halifai. Mwezi Januari 1958 anawaambia wenzake waende kugombea viti vya Baraza hilohilo.

Mkutano wa Tabora

Mkutano mkuu wa TANU ulifunguliwa Tabora mwishoni mwa Januari 1958, wakati wa mvua, shughuli za mashamba zikiwa zimepamba moto. Kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam, njia ya kawaida ilikuwa treni ya Reli ya Kati inayopita Morogoro, Dodoma na Manyoni, safari ndefu inayotosha watu kubishana, kupatana na kubishana tena. Hata kabla ya kufika Tabora ilijulikana kwamba wajumbe wengi wanataka TANU isusie uchaguzi.

Usiwadharau waliotaka kususia. Katika vitabu vingi vya marudio wanapewa mstari mmoja tu, kana kwamba walikuwa watu wenye hasira wasiofikiri. Hoja zao zilikuwa nzito. Walisema kwamba chama kilichoundwa kupinga ubaguzi hakiwezi kuingia katika uchaguzi uliojengwa juu ya ubaguzi, kwa sababu kushiriki ni kukubali. Walisema kwamba masharti ya kipato na elimu yanawatupa nje watu waliokibeba chama. Walisema pia kwamba kumlazimisha Mwafrika ampigie kura Mzungu na Mwasia ili kura yake ihesabike ni kumtukana ndani ya nchi yake. Aliyejulikana zaidi kwa msimamo huo alikuwa Zuberi Mtemvu, ambaye kwake Tanganyika ilikuwa ya Waafrika na basi.

Nyerere aliposimama alizungumza Kiswahili, lugha iliyomwezesha kila mjumbe kufuata hatua kwa hatua bila mkalimani. Na hapa tena angalizo la mtihani: usiandike kwamba Nyerere aliunga mkono kura tatu. Aliziona kuwa ubaguzi kama walivyoziona wapinzani wake, na hakulificha hilo. Alichokiunga mkono ni kushiriki. Tofauti hiyo ndogo ndiyo moyo wa hotuba nzima.

Hoja yake unaweza kuifuata hivi. Uchaguzi utafanyika, TANU iwepo isiwepo. TANU ikikaa nje, UTP itavichukua viti vyote 30, pamoja na vile 10 vya Waafrika. Baada ya hapo serikali itakuwa na baraza lililochaguliwa, na itakapofika siku ya kujadili katiba mpya itazungumza na waliochaguliwa, haitazungumza na waliosusa. Uhuru utachelewa, na utakapokuja utaandikwa na mkono wa mtu mwingine. Kisha akaigeuza sheria yenyewe juu chini. Serikali ilidhani kwamba kumlazimisha kila mtu kupiga kura 3 kungewalinda Wazungu na Waasia. Lakini kama Waafrika wenye sifa watajiandikisha kwa wingi, ni wao watakaoamua Mzungu gani na Mwasia gani aingie Barazani. Kwa maneno mengine, kamba iliyofumwa kumfunga TANU inaweza kumvuta aliyeifuma.

Kulikuwa na jambo la tatu, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa gumu kusema katika ukumbi ule. Nyerere alikuwa anawaomba wajumbe waache kumwangalia Mzungu au Mwasia kama adui kwa sababu ya ngozi yake, wamwangalie kama mtu anayeweza kuwa mwenzao au mpinzani wao kwa kadiri ya msimamo wake. TANU yenyewe wakati ule ilikuwa ikipokea wanachama Waafrika tu. Kwa hiyo alikuwa anakitaka chama kikaunge mkono watu ambao chama hicho hakiwezi hata kuwapa kadi.

Mjadala ulikuwa mkali. Walipopiga kura, 37 walisema chama kishiriki, 23 walisema kisishiriki. Ukiangalia vizuri, wajumbe 7 tu wangebadili mawazo yao, kura zingefungana kwa 30 na 30. Uamuzi huo ulikuja kuitwa Uamuzi wa Busara wa Tabora, na watu wakazoea kuusema kana kwamba ulikuwa dhahiri tangu mwanzo. Haukuwa dhahiri. Mtemvu alitoka kwenye chama, akaanzisha chama chake cha African National Congress, akaendelea kudai kwamba TANU imewauza Waafrika.

Matokeo

Mwaka 1958 haukumpa Nyerere nafasi ya kupumua. Alishtakiwa kwa sababu ya makala katika gazeti la chama iliyowashutumu baadhi ya wakuu wa wilaya wa kikoloni, na mwezi Agosti akatiwa hatiani. Alihukumiwa kulipa faini ya pauni 150 au kwenda jela miezi 6. Faini ikalipwa. Ona kwamba kiasi hicho kinalingana kabisa na kipato cha mwaka mzima ambacho sheria ilimtaka mtu awe nacho ili apige kura.

Awamu ya kwanza ya uchaguzi ilifanyika Septemba 1958. Katika Jimbo la Mashariki Nyerere alipata kura 2,628, na mpinzani wake Patrick Kunambi akapata 802. Awamu ya pili ilifuata Februari 1959, ambapo wagombea wengi walipita bila kupingwa. Kati ya awamu hizo mbili UTP ilisambaratika. Waliochaguliwa kwa kuungwa mkono na TANU ni pamoja na Wazungu kama Derek Bryceson na Lady Marion Chesham, na Waasia kama Amir Jamal na Sophia Mustafa. Hesabu aliyoipiga Nyerere Tabora ilitimia: viti vilivyotengwa kuwa ngome ya kuzuia uhuru vikakaliwa na watu waliotaka uhuru.

Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyempokea Twining katikati ya 1958, aliisoma hali haraka. Oktoba mwaka huohuo alitangaza kwamba Tanganyika itakapojitawala, serikali yake itakuwa na Waafrika wengi. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 kura tatu hazikuwepo tena. Viti 50 kati ya 71 vilikuwa wazi kwa watu wote, ingawa 11 bado vilitengwa kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. TANU ilipata viti 70. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru, na uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 ukawa wa kwanza ambao kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura bila kuulizwa kipato wala shule. Mgombea aliyemkabili Nyerere katika uchaguzi huo alikuwa Zuberi Mtemvu. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98.

Deni la Tabora

Ukisimulia habari hii ukaishia hapo, utakuwa umeandika hadithi ya mjanja aliyewashinda Waingereza kwenye mchezo wao. Mtahini atakupa nusu ya alama. Hotuba ya Tabora ilikuwa imeacha deni: ikiwa rangi si kigezo wakati unatafuta kura za watu, je, itakuwa kigezo ukishashika nchi?

Deni hilo lilidaiwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Serikali ilipeleka bungeni muswada wa uraia. Ulipendekeza kwamba mtu aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja pia akiwa amezaliwa Tanganyika, awe raia moja kwa moja, awe mweusi, mweupe au wa asili ya India. Wasio na sifa hiyo waliwekewa utaratibu wa kuomba. Baadhi ya wabunge wa TANU walikasirika. Walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza, na wengine wasubiri. Walikuwa wakisema sauti iliyosikika Tabora, ila safari hii walikuwa na nchi mkononi, hawakuwa wakiiomba.

Nyerere alisimama akajibu kwa ukali ambao haukuwa wa kawaida yake. Alieleza kwamba uraia hujengwa juu ya utii kwa nchi, na haujengwi juu ya rangi. Alionya kwamba anayeanza kubagua kwa rangi hatakosa kundi jingine la kubagua baadaye, na akaweka wazi kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kama Bunge litalikataa jambo hilo. Bunge likapitisha. Anayetaka kujua kama Nyerere aliamini alichokisema Tabora asome mjadala huo. Mwaka 1958 usawa wa rangi ulimletea kura. Mwaka 1961 haukumletea kitu isipokuwa lawama, na bado aliushika. Ilipofika mwaka 1963 TANU nayo ilifungua milango kwa wanachama wa rangi zote.

Kongwa

Hapa mwanafunzi wa Dodoma una bahati, kwa sababu sehemu ya urithi wa hotuba hiyo iko karibu nawe. Kongwa unaifahamu, pengine kwa mnada wa ng'ombe au ranchi. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapo mradi mkubwa wa karanga, ukawashinda kwa ukame na ardhi ngumu, wakauacha baada ya miaka michache. Mwaka 1964 serikali ya Nyerere iliruhusu vyama vya ukombozi kuweka kambi Kongwa. Walikaa hapo FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Wapo waliozikwa hapohapo.

Uhusiano wake na Tabora ni huu. Mwaka 1959 Nyerere alikuwa amelieleza Baraza la Kutunga Sheria kwamba Watanganyika wangependa kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro uwape matumaini walioko nje ya mipaka. Mwaka 1961 alikuwa amesema wazi kwamba Tanganyika haiwezi kukaa katika Jumuiya ya Madola pamoja na Afrika Kusini ya ubaguzi. Angewezaje kusema hivyo kama nyumbani kwake uraia ungegawanywa kwa rangi? Makaburu wangemcheka. Kila aliyelala kwenye mabweni ya Kongwa alikuwa anapigania kitu ambacho mwenyeji wake alikuwa amekubali kwanza kukitimiza kwake.

Upande wa pili

Mwongozo huu hautakufundisha kumsifu mtu kupita kiasi, na mitihani ya siku hizi inataka uthamini, siyo usifu. Nyerere aliyetetea haki ya mtu dhidi ya rangi yake ndiye aliyeongoza nchi ilipopitisha, mwaka 1962, sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Mwaka 1965 Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na watu wenye mawazo kama ya Mtemvu wakakosa jukwaa. Ile kura ya 23 ya Tabora, iliyohesabiwa na kuheshimiwa mwaka 1958, isingeweza kugeuka chama cha upinzani miaka 7 baadaye.

Tena yapo yaliyowagusa wenyeji wa uwanda huu moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika kuwapeleka kwenye vijiji vya ujamaa. Wapo waliopata shule, zahanati na bomba la maji kwa mara ya kwanza. Wapo pia walioacha zizi, makaburi ya babu zao na shamba waliloujua udongo wake, bila kuulizwa. Kama una bibi au babu Bahi, Chamwino au Mvumi, muulize. Atakupa majibu ambayo hayamo katika kitabu hiki, na yaandike.

Nyerere aliacha urais mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotetea kurudi kwa vyama vingi, hata pale ambapo wananchi wengi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Katiba ya mwaka 1977 inayotumika leo inatamka katika ibara ya 5 kwamba kila raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura, na ibara ya 13 inakataza ubaguzi, ikiwa ni pamoja na ule wa rangi. Bunge linaloapa kuilinda Katiba hiyo linakutana Dodoma, kwenye reli ileile iliyowapeleka wajumbe Tabora. Ukitimiza miaka hiyo 18 utapewa karatasi ya mbunge yenye kisanduku kimoja cha kutia alama, na hakuna karani atakayekuuliza mshahara wako.

Swali la mazoezi

Wapinzani wa Nyerere Tabora walikuwa na haki ya kukataa uchaguzi wa kura tatu. Jadili.

Usianze kwa kukubali au kukataa papo hapo. Eleza kwanza kura tatu zilikuwa nini, ukitumia hesabu ya viti na ya watu. Zipe hoja za waliotaka kususia aya nzima, kwa heshima, kisha za Nyerere. Unapofika kwenye matokeo, taja uchaguzi wa 1958 na 1959, mjadala wa uraia wa 1961, na angalau jambo moja ambalo historia ya baadaye iliwapa haki wale 23. Jibu lako litabebwa na aya hiyo ya mwisho, kwa hiyo itengee dakika za kutosha.